Jinsi ya Kuunga Tela Bila Kumzika Utingo

Mwongozo huu haumhusu fundi mwenye foleni ya wateja. Unamhusu mwalimu wa Korogwe, mkulima wa machungwa wa Kabuku, mstaafu wa karakana ya mkonge na mwenye duka wa Chanika, Handeni, ambaye ikifika Jumamosi mikono inamuwasha mpaka ashike grenda. Ana mashine ya kuchomelea chini ya mwembe, ana jiliwa lililofungwa kwenye gogo, na amechoka kutengeneza mageti.

Namshauri atengeneze kiungio cha tela la trekta. Geti likivunjika, mbuzi wataingia shambani. Kiungio kikivunjika, tani kadhaa zinateremka zenyewe kutafuta watu. Kazi ya namna hiyo inamtaka mtu asiye na haraka, na katika wilaya zetu mtu huyo ni huyu anayepiga chuma kwa mapenzi. Hakuna mteja aliyesimama mlangoni kwake huku injini inanguruma. Udhuru wa haraka hana, kwa hiyo udhuru wa kazi mbovu hana pia.

Kwanza, ujue deni la vidole

Mwaka 1893 unatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka huo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta mkonge katika ardhi hii. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Na mwaka huohuo wa 1893, mwezi Machi, Marekani ilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli ziweke viungio vinavyojifunga vyenyewe mabehewa yanapogusana.

Kabla ya hapo behewa liliungwa kwa pete na pini. Mfanyakazi alisimama kati ya behewa lililotulia na behewa linalokuja, akaielekeza pete kwa mkono, akasubiri chuma kikutane na chuma ili achomeke pini. Wengi waliacha vidole pale, wengine mkono, wengine roho. Mmarekani Eli Janney alikuwa amesajili kiungio chake cha kujifunga tangu 1873. Dawa ilikuwepo miaka 20 kabla ya sheria, na watu wakaendelea kusagwa.

Sasa nenda kwenye shamba lolote la mkonge au la mahindi, kuanzia Ngombezi mpaka Mkata, utazame trekta likirudi nyuma kulifuata tela. Utingo amesimama katikati, pini iko mkononi, anapaza sauti: "Rudi! Rudi! Kidogo tu! Hapo!" Hilo "hapo" likichelewa nusu sekunde, tunachimba kaburi. Mkonge tuliupokea, reli tuliipokea, lakini zawadi ya tatu ya mwaka 1893 bado hatujaifungua. Kazi yako ya Jumamosi ni kuifungua.

Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kupima chuma

Jani la mkonge limejaa maji. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, kwa hiyo kupata tani 1 ya singa lazima uvute tani kama 25 za majani mpaka kwenye korona, mashine ya kuchambua singa. Mwaka 1964, nchi yetu ilipozalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, majani yaliyovutwa yalizidi tani milioni 5, kwa vireli vya mashambani na kwa matrekta. Watu wa Korogwe wamekuwa wakiunga na kufungua mizigo mizito tangu enzi za babu zao. Hatuna sababu ya kuwa wanafunzi wa kila siku katika jambo hili.

Swali la kwanza ni hili: kiungio chako kitavuta nini? Anayejibu "tela tu" arudi kutengeneza mageti. Jibu linatakiwa liwe na tani ndani yake. Wahandisi wana kanuni nyepesi: zidisha uzito wa trekta kwa uzito wa tela likiwa na mzigo, gawa kwa jumla ya uzito wa vyote viwili, kisha zidisha kwa 9.81. Trekta la tani 3 na tela la tani 7 linakwenda hivi: 3 mara 7 ni 21, gawa kwa 10 unapata 2.1, zidisha kwa 9.81 unapata karibu kilonyutoni 20.6. Ni sawa na kuning'iniza kitu cha tani 2.1 kwenye pini yako, na kukitikisa siku nzima kwenye mashimo ya njia ya shamba.

Iandike hesabu hiyo kwa chaki ukutani. Kila mara mkono utakapotaka kuchukua kipande chochote kilicho karibu, uitazame.

Hatua ya 2: Nunua chuma, usinunue hadithi

Kwa muuza chuma chakavu kila kipande kizito ni cha Mjerumani. Waingereza walimwondoa Mjerumani Korogwe mwaka 1916, lakini kwenye vibanda vya skrepa bado anashusha shehena kila wiki. Muuzaji usimbishie, maana ni mkubwa wako na chuma anacho yeye. Zungumza naye hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki cha Mjerumani hiki, hakipindi."

"Naomba nikipitishe tupa kidogo, mzee."

Tupa haidanganywi na hadithi. Ikila vizuri, hicho ni chuma laini, kinachomeleka bila taabu. Ikiteleza juu bila kula, kipande kimekazwa na kitakusumbua. Kama muuzaji ana grenda, omba uguse ukingo na utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka, yenye kupasuka kidogo tu. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika kwa wingi. Chuma cha kumimina hutoa mistari mifupi yenye wekundu, na hicho kiache hapohapo, kwa kuwa kikipigwa kishindo hupasuka bila kupinda kwanza.

Sasa tuwaaibishe wakosaji wawili wanaopendwa sana wilayani.

Wa kwanza ni nondo. Kuna watu wanakata nondo, wanaikunja kichwa, wanaichomeka kwenye tundu na kuiita pini. Mbavu zake zinagusa tundu sehemu chache tu, kwa hiyo nguvu yote inabanwa kwenye ncha hizo. Na kwa kuwa ni nyembamba kuliko tundu, inagongagonga kila trekta linapovuta na kuachia. Nondo ilizaliwa ili ikae ndani ya zege kimya. Iache ikae.

Wa pili ni springi ya lori. Imara kweli, na ndiyo maana inawadanganya wengi. Ina kaboni nyingi, kama asilimia 0.6, na ukiichomelea kwa rodi ya kawaida bila kuipasha moto, ukanda unaoizunguka weldi huwa mgumu na mwepesi kuvunjika. Nyufa zinaweza kuanza siku ileile, zikafichwa na rangi. Tengeneza visu na mapanga kwa springi. Kiungio usikiguse nayo.

Kwa masikio ya kiungio, yaani vipande viwili vyenye matundu vinavyoishika pini, tafuta bamba la chuma laini la milimita 16 au zaidi. Kwa pini tafuta shafti ya chuma cha kaboni ya wastani, ile ambayo wauzaji na mafundi wa kukereza huiita EN8.

Hatua ya 3: Pini inauawa na nafasi

Hapa ndipo wapenda chuma wengi hushangaa. Wanadhani adui wa pini ni kukatwa. Pini ya milimita 25 iliyoshikwa pande mbili ikikabiliwa na kilonyutoni 20.6 haikatiki, kwa hesabu ya kukatwa ina nguvu mara kadhaa ya hiyo. Kinachoiua ni kupinda. Kama nafasi kati ya masikio mawili ni milimita 60, na pete ya tela yenye unene wa milimita 25 imekaa katikati, hata pini ya chuma laini inafikishwa karibu na kikomo chake na mvuto uleule mmoja, bila hata shimo barabarani. Punguza nafasi hiyo iwe milimita 30, mkazo wa kupinda unapungua karibu nusu. Hujanunua chuma cha ziada wala hujasikiliza hadithi ya Mjerumani.

Njia ya pili ni kuongeza unene. Nguvu ya pini dhidi ya kupinda hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe. Kutoka milimita 25 kwenda 32 unaona umeongeza milimita 7 tu, kumbe umepata nguvu zaidi ya mara mbili. Lakini pima tundu la trekta kwanza. Tundu la trekta halipanuliwi kwa gesi ili lilingane na pini yako. Pini ndiyo inayolifuata trekta.

Sasa ukereze. Pini ya milimita 32, kwa kisu cha kawaida cha chuma cha kasi, kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 250 kwa dakika; EN8 ipe pungufu. Kichwa cha pini kichonge pamoja na mwili wake kutoka shafti moja nene, usikichomelee juu baadaye. Pale kichwa kinapokutana na mwili, acha mviringo wa milimita 2 au 3. Kona kali ndiyo mahali ufa unapopenda kuzaliwa. Chini toboa tundu la klipu ya kuzuia pini isipande. Waya wa kufungia uzio hauhesabiki kuwa klipu, hata ukiuzungusha mara kumi.

Huna mashine ya kukereza? Wenye karakana Korogwe na Tanga watakuchongea ukienda na mchoro wenye vipimo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi Tanga na ni mahali pazuri pa kuuliza. Nenda na mchoro. Ukienda na maneno "nataka nene hivi" huku umeachanisha vidole, utarudi na kitu kinene hivi.

Tundu la masikio litobolewe kwa drili au mashine. Tundu lililokatwa kwa gesi lina meno, na kila jino ni mwanzo wa ufa. Anza na tundu dogo, panua kwa hatua, mimina mafuta, na usisukume drili kwa hasira. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba acha angalau mara mbili ya kipenyo cha pini. Wanaoacha kidogo ili kiungio "kipendeze" wanatengeneza mapambo.

Hatua ya 4: Chomelea kwa macho yatakayoona kesho

Miwani ya jua si kinga ya kuchomelea. Mrembo anaweza kuivaa harusini. Mbele ya mwanga wa weldi haizuii kitu cha maana. Usiku utahisi mchanga machoni, majirani watakuletea viazi vibichi na maziwa, na Jumamosi ijayo utakuwa umejifungia chumbani. Kwa rodi za kawaida tafuta kioo cha namba 10 au 11, chenye ngao inayofunika uso mzima. Vaa viatu vilivyofunikwa. Kandambili imewaachia mafundi wengi kovu juu ya mguu.

Safisha chuma mpaka king'ae. Kutu, rangi na mafuta vikibaki ndani ya weldi huwa matundu. Kingo za mabamba mazito zichongwe mteremko, ili pande mbili zikikutana zifanye pembe ya digrii 60 na nafasi ya milimita 2 au 3 chini. Usipofanya hivyo, weldi itakaa juu tu na ndani hamna kitu.

Rodi za geji 10, yaani za milimita 3.2, zinataka ampea kati ya 90 na 130 hivi. Rodi za 6013 ndizo zinazopatikana kila duka. Rodi za 7018 zinastahimili nyufa zaidi, ila zinachukia unyevu: zikikaa wazi kwenye hewa yetu ya masika zinanyonya maji na kuharibu kazi, na mashine nyingi ndogo haziziwashi vizuri. Usijaribu kuziba pengo lote kwa mpigo mmoja. Piga safu, gonga magamba ya juu, piga brashi, tazama, piga nyingine. Ukichoka, zima mashine ukanywe chai. Fundi wa barabarani hana nafasi hiyo. Wewe unayo, na huo ndio utajiri wako wote.

Rangi ni ya mwisho kabisa, baada ya majaribio. Anayepaka rangi mapema anaficha kitu.

Hatua ya 5: Funga chini, au trekta litakugeukia

Kiungio hufungwa kwenye baa ya kuvutia ya trekta, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Anayefunga mnyororo juu ya ekseli, au kwenye mkono wa juu wa kubebea majembe, anaomba trekta linyanyue pua na kumwangukia dereva. Hilo halihitaji mlima wa Bungu wala njia ya kwenda Soni. Kisiki kimoja shambani kinatosha, na hutokea haraka kuliko mguu unavyoifikia klachi.

Tela la ekseli moja linapakiwa uzito ukiegemea mbele kidogo ya ekseli. Ukiegemea nyuma, tela linanyanyua matako ya trekta na matairi yanakosa kushika. Ukiegemea mbele mno, magurudumu ya mbele ya trekta yanakuwa mepesi na usukani unageuka pambo. Na kiungio hakifungi breki. Tela zito lisilo na breki likiteremka mlima linalisukuma trekta, hata pini iwe nzuri namna gani.

Likitoka shambani na kuingia barabara kuu ya Segera kwenda Korogwe, tela liko chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, sawa na malori yanayolipita. Na malori hayo uyaache. Pini ya semitrela, ile ya inchi 2 inayoingia kwenye sahani ya kichwa cha lori, inatoka kiwandani ikiwa imefuliwa na kupimwa. Mpenda chuma anayetaka kuitengeneza chini ya mwembe apelekewe wazee wakamshauri.

Hatua ya 6: Mtoe utingo katikati

Hatua zote zilizopita zilikuwa maandalizi ya hii.

Kwanza, lipe tela mguu wa jeki wenye kupandishwa na kushushwa. Utingo huingia katikati kwa sababu mkono wa tela umelala chini na lazima mtu aunyanyue. Tela likisimama kwa mguu wake mwenyewe, kwa urefu wa kiungio, nusu ya sababu hiyo imekwisha.

Pili, panua mdomo wa kiungio. Chomelea mabamba mawili yaliyofunguka pembeni, yaikamate pete na kuiongoza ndani hata dereva akikosea kwa upana wa kiganja. Ndani, masikio yabaki karibu kama tulivyokubaliana. Pete yenyewe ichongwe kingo ziwe za mviringo, iweze kupanda na kushuka kwenye mabonde bila kukwama.

Tatu, pini iwe na wenzo mrefu unaotokeza pembeni, nje ya mstari wa magurudumu, na springi ndogo ya kuirudisha chini. Dereva anarudi nyuma, pete inaingia, trekta linasimama, breki inafungwa, kisha utingo akiwa pembeni anaachia wenzo. Kama lazima pini ichomekwe kwa mkono, sheria ni moja: trekta limesimama kabisa, gia huru, breki imefungwa, ndipo mtu anaingia. Dereva asiyetaka kusubiri hilo anyang'anywe ufunguo.

Nne, weka minyororo miwili ya usalama, iliyopishana chini ya mkono wa tela. Pini ikishindwa, mkono utaangukia kwenye minyororo badala ya kuchimba barabara.

Hatua ya 7: Jaribu mbele ya watu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali inasema neno kwa neno: jilaze chini ya kazi yako ukaitazame. Paka weldi zote mafuta ya taa, acha yazame kwa muda, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatajitokeza kama mstari mweusi juu ya weupe. Weldi iliyotoa mstari ikatwe yote na kurudiwa. Usiipitishie weldi nyingine juu, hiyo ni kupaka rangi kwa umeme.

Kisha nenda kwenye karakana yenye boriti imara na chenibloku. Ning'iniza mzigo unaoujua uzito, sentimita chache tu kutoka sakafuni, mara moja na nusu ya hesabu yako ya chaki. Kwa mfano wetu ni tani 3 na kidogo. Asisimame mtu chini wala kwenye mstari wa mnyororo. Shusha, rudia mafuta ya taa na chaki, pima pini kama imepinda.

Ikifaulu, piga kwenye chuma kwa nyundo na namba: tani inazobeba, mwezi na mwaka. Ndipo upake rangi. Kabla ya kila msimu wa mavuno ichomoe pini, isafishe, ipime. Ikiliwa milimita 2, itupe mahali ambapo hakuna atakayeiokota kuitumia tena. Tia grisi, rudisha klipu.

Mtihani wa mwisho hauna hesabu. Mwite utingo, mpe kiti pembeni ya njia, mahali atakapoufikia wenzo, mwambie dereva arudi nyuma aunge tela. Kama limeungwa utingo akiwa amekaa, umefuzu, na Jumamosi ijayo umtengenezee jirani yako kama hicho, kwa kuwa tela lake linapita njia ileile wanayopita watoto wako. Kama ilibidi ainuke kwenda kusimama katikati, kazi haijaisha. Fungua bolti, rudi mwembeni.